Bibi Afya, cheti cha ukaguzi kipo ukutani: mbona tumeumwa?

SWALI: Shikamoo Bibi Afya. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba. Mchana tunakula kwa mama lishe mmoja wa jirani. Pasafi, wahudumu wana aproni na kofia, leseni na cheti cha ukaguzi vimebandikwa ukutani. Jumanne ya wiki iliyopita wanne kati yetu tulikula wali maharage saa 7 mchana. Kufika saa 9 na nusu wote tunatapika. Wenzetu waliokula ugali hawakuguswa. Nilipomwuliza mama, akaninyooshea kidole kwenye cheti. Naomba nijue: huu ukaguzi wa afya wa serikali unatulinda kweli sisi wateja, au ni njia ya kukusanya tozo tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana wote wanne.

Nilikuwa afisa afya kwa miaka 27 kabla sijastaafu, mingi kati ya hiyo hapa Dodoma, na swali lako nimelisikia kwa wateja, kwa mama lishe wenyewe, na mara nyingine nimejiuliza mwenyewe nikirudi nyumbani jioni na daftari la ukaguzi kwapani. Nianze na wali, maana jibu lote limo humo.

Watu wanne wanatapika kwa pamoja, saa mbili na nusu baada ya kula, na wa ugali wako salama. Hapo akili yangu haiendi kwa vimelea vilivyoingia tumboni vikaanza kuzaliana, kwa sababu hivyo kwa kawaida huchukua saa nyingi zaidi, hata siku kadhaa. Naona sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hamjavuta viti. Mshukiwa wa kwanza ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu anatoka shambani na mchele, akiwa amejifungia kwenye ganda gumu kama mbegu. Maji yakichemka hafi. Wali ukiiva na kuachwa upoe polepole kwenye sufuria kubwa, ganda linafunguka, anazaliana, anaacha sumu yake. Ukishaupasha huo wali unaua bakteria wenyewe, lakini sumu inabaki pale pale, haisikii moto wa jikoni. Mshukiwa wa pili anaitwa Staphylococcus, anayekaa puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi, na sumu yake nayo haiondoki kwa kupasha. Ugali ulinusurika kwa sababu husongwa karibu na wakati wa kula na huliwa ungali unatoa moshi.

Bila sampuli simhukumu mama. Ila hebu mchukue afisa afya umweke pale jikoni saa 4 asubuhi ya Jumanne ile. Ataangalia sakafu, kuta, dari. Ataangalia choo, pipa la taka lenye mfuniko, ndoo ya kunawia yenye koki, vyombo vilivyopangwa kichanjani. Ataomba kadi za kupima afya za wapishi. Sufuria ya wali itakuwa imefunikwa vizuri, na kitambaa safi juu yake. Kila kitu sawa, anaandika, anasaini. Cheti chake kitakuwa kimesema kweli kwa kila neno. Ila hajauliza wali umepikwa saa ngapi.

Hapo ndipo ninaposimama baada ya miaka yote hiyo: ukaguzi wetu unaona mahali, na ugonjwa wa chakula mara nyingi unazaliwa kwenye muda. Mahali pakiwa pachafu mno tutapaona na tutakulinda. Kosa likiwa la saa, cheti hakilioni.

Mimi mwenyewe nililiona nikiwa nimeshachelewa. Kuna mwaka nilitoka mafunzoni na kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ndefu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mmoja aliyekuwa mfano wangu. Nilikuwa nawapeleka wenzake kwake wakajifunze usafi. Nikachoma sindano kwenye wali uliokuwa ndani ya hotpoti. Tuliinama wote wawili kusoma: nyuzi 41. Chakula cha moto kinatakiwa kisishuke chini ya 60, na kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo bakteria wanapostawi. Kisikae humo zaidi ya saa 2. Nikamwuliza, mama, huu umeupika saa ngapi? Akasema saa 11 alfajiri. Ilikuwa saa 6 mchana. Kwa nini mapema hivyo? Akanionyesha jiko lake: lilikuwa moja la mkaa. Alfajiri wali, halafu chai na chapati, halafu maharage yanayokula mkaa mpaka adhuhuri. Uchafu haukuwapo kabisa pale jikoni. Palikuwa na jiko moja na bei ya gunia la mkaa.

Tulikaa kwenye benchi lake tukapanga upya siku nzima. Maharage yaloweshwe jioni, yachemshwe alfajiri. Yakishaiva yabaki juu ya makaa yakitokota taratibu, hayana shida. Wali uje saa 5, nusu sufuria, na nusu nyingine saa 7 wateja wa kwanza wakiondoka. Hakununua kitu chochote. Niliporudi baada ya wiki mbili, wali ulisoma nyuzi 68. Ukiniuliza katika kazi yangu yote ni ukaguzi gani uliomlinda mteja, nitakutajia ule, na haukuwa kwenye fomu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu kulipima swali lako kwa hesabu. Marekani, jimbo la Tennessee, waliangalia kaguzi zaidi ya 160,000 za migahawa kuanzia 1993 hadi 2000, wakalinganisha alama za migahawa iliyowahi kusababisha milipuko ya magonjwa na alama za ile isiyowahi. Hazikutofautiana. Ukisoma hapo tu utasema kazi yetu ni bure. Lakini watafiti wa eneo la Seattle, katika utafiti uliotolewa 1989, walikuta migahawa yenye alama mbaya ilikuwa na uwezekano wa mlipuko karibu mara tano kuliko mingine, na miongoni mwa makosa yaliyofuatana na milipuko ni kushindwa kutunza joto la chakula. Kwangu tafiti hizi mbili hazipingani. Alama inayochanganya rangi ya ukuta na joto la wali kwenye kapu moja haiwezi kutabiri nani ataumwa. Kosa linalougusa ugonjwa wenyewe ndilo linalotabiri.

Uliniambia mama alinyooshea kidole cheti. Los Angeles walianza mwaka 1998 kubandika mlangoni herufi ya daraja la usafi, A, B au C, ili mteja aone kabla hajaingia. Utafiti wa 2003 ulisema waliolazwa hospitali kwa magonjwa ya chakula walipungua kwa karibu asilimia 20, na miji mingi ikaiga. Mwaka 2019 watafiti wengine wakarudia hesabu zile zile, wakakuta sehemu kubwa ya upungufu ule ilitokana na mlipuko wa bakteria wa salmonella uliokuwa umeikumba California ya kusini kabla ya hapo na kisha ukatulia wenyewe. Kwa hiyo hata huko, karatasi ya ukutani haijathibitika kuwa kinga.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti umeliona na miguu yangu inalijua. Uchunguzi uliotoka 2020, wa huko huko Marekani, ulionyesha kwamba kadiri mkaguzi anavyoendelea na safari zake za siku, ndivyo anavyoandika makosa machache. Mahali ni pale pale, macho ndiyo yamechoka. Mwanangu, tembea Nkuhungu hadi Chang'ombe mwezi wa kumi, jua limesimama, vumbi la Dodoma mdomoni, sehemu 12 kwenye orodha. Ya kwanza unafungua kila mfuniko. Ya 11 unaangalia kadi, unasaini, unatafuta kivuli. Nasema hivi kwa uchungu, maana mteja wa sehemu ya 11 ana tumbo kama la mteja wa kwanza.

Na orodha yenyewe inakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Kata ni 41. Kila ofisi ya serikali iliyohamia imekuja na watumishi wanaokula mchana, na kila kundi la watumishi limezaa vibanda. Mtumba pale nilipapita zamani pakiwa mashamba ya uwele na alizeti.

Sasa la tozo. Uliuliza kwa ukali kidogo, na una haki. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi na hata kusababisha sehemu ifungwe. Usajili wa majengo ya chakula ulikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, hadi katikati ya 2019, kisha masuala ya chakula na vipodozi yakahamia TBS, shirika la viwango. Leseni ya biashara nayo ni karatasi nyingine kabisa, haithibitishi usafi wa chochote. Wateja wengi wanaisoma kama cheti cha afya. Kwa hiyo ada zipo, ni za kisheria, na mimi sizilaumu, kwa sababu petroli ya pikipiki na karatasi ya notisi lazima zilipiwe na mtu.

Ninacholaumu nimekiona kwa macho yangu. Katika ofisi moja niliyowahi kutumika, kikao cha Jumatatu asubuhi kilikuwa na swali moja: wiki iliyopita mmekusanya ngapi? Sikumbuki hata Jumatatu moja tuliyoulizwa wangapi wameharisha kata ipi. Afisa akishapimwa kwa stakabadhi, anamfuata mwenye uwezo wa kulipa. Mgahawa wenye vigae unakaguliwa mara nne kwa mwaka, na mwanamke anayeuza uji na maandazi kwenye beseni nje ya geti la ujenzi hakaguliwi kabisa, labda siku ya kumfukuza.

Kufukuza nako nimekufanya, na bado kunanisumbua. Niliwahi kumfungia mama mmoja kibanda kwa kukosa choo na sakafu ya saruji. Sheria ilikuwa upande wangu. Baada ya siku tatu nikamkuta mita kama 200 kutoka pale, chini ya mti, anapika kama kawaida, ila sasa hana bomba la jirani. Maji alikuwa nayo dumu moja la lita 20 kwa kutwa nzima: kupikia, kuoshea vyombo, na wateja kunawa. Nilikuwa nimewaondoa wateja wake kwenye hatari ndogo nikawapeleka kwenye kubwa. Tangu siku hiyo sikufunga sehemu bila kwanza kuuliza mhusika atakwenda wapi kesho yake.

Maji hayo ndiyo hasa udhaifu wa mji wetu. Siku ya mgao, ndoo yenye koki iko pale pale mlangoni na sabuni yake, lakini ukifungua koki inatoa hewa. Mkaguzi anaandika "ndoo ya kunawia ipo". Ningekuwa na uwezo ningefuta neno "ipo" kwenye fomu zote niweke "nimenawa mwenyewe, maji yametoka". Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, huku kwetu nako kikafika, na hapo niliona ukaguzi ukiokoa watu waziwazi: tulipita kila siku, tukaangalia maji, klorini, vyoo na mikono, basi. Hatukuwa na muda wa kuangalia rangi ya ukuta. Ukaguzi ulifanya kazi kwa sababu ulijua unatafuta nini na ulirudi kesho yake.

Mahali pengine ninapoweza kukuhakikishia ulinzi ni nyama yenye mhuri. Siku ya mnada wa Msalato, Jumamosi, ukila nyama choma, kabla yako kuna mtu anayetakiwa kuwa amefanya kazi machinjioni. Mkaguzi wa nyama anachana misuli ya shavu la ng'ombe kutafuta mabuu ya tegu, anapasua ini kuangalia minyoo, anapapasa mapafu na kukata tezi kutafuta dalili za kifua kikuu. Anakagua mnyama mmoja mmoja, kwa kisu. Kisichofaa kinatupwa, kinachofaa kinapigwa mhuri. Huo ni ukaguzi wa kitu chenyewe utakachokula. Nyama isiyo na mhuri, hata iwe nafuu namna gani, iache.

Kadi za kupima afya za wapishi, zinazohuishwa kila miezi sita, nazipa uzito mdogo kuliko watu wengi wanavyozipa. Zina faida yake, zinamfikisha mpishi mbele ya daktari. Lakini kipimo cha choo kinaeleza siku ile tu, na anaweza kuambukizwa wiki inayofuata. Tena mbeba vimelea vya taifodi huvitoa kwa vipindi. Kule New York mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mpishi, Mary Mallon, mzima wa afya kwa macho, aliyeambukiza taifodi familia alizozipikia; akazuiliwa 1907, akaachiwa kwa ahadi ya kutopika, na 1915 akakutwa anapika hospitali ya wazazi kwa jina lingine. Sampuli zake nyingi zilionyesha vimelea, nyingine hazikuonyesha kitu. Kadi ya mtu kama yeye ingeweza kuwa safi. Mikono iliyonawiwa kwa sabuni baada ya choo ingewalinda wale watu kuliko kadi.

Na kuna hatari ambayo hakuna mkaguzi wa kibanda atakayeiona, hata awe na macho ya mwewe. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu, wengi wao kwa kula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Sumu ile inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Haina harufu, kupika hakuiondoi, na unga ukishasagwa huwezi kutofautisha. Kwa anayeuza uji wa lishe au karanga, ulinzi uko ghalani: kukausha juu ya turubai, kuchambua punje zilizobadilika rangi na zilizosinyaa, kuhifadhi pakavu. Hapo mkaguzi anatakiwa awe kwenye soko la nafaka la Kibaigwa na kwenye mashine za kusaga kabla hajafika kwenye sahani yako.

Vinyozi na saluni nitaligusa kwa sentensi mbili, kwa sababu nao tunawakagua. Wembe ufunguliwe mbele yako, na mashine ifutwe kwa spiriti ukiwa unaona. Cheti hakiwezi kukuhakikishia lolote kati ya hayo mawili.

Basi, je, unalindwa? Unalindwa dhidi ya choo kinachotiririka jikoni, dhidi ya nyama ya mnyama mgonjwa, na wakati wa mlipuko, dhidi ya maji mabaya. Dhidi ya wali wa saa 11 alfajiri unaoliwa saa 7 mchana, kwa ukaguzi tulionao sasa, hulindwi. Ingewezekana ulindwe: vipimajoto si ghali kama gari la ofisi, na maswali matatu tu yangetosha kubadilisha sehemu kubwa ya kazi. Umepika saa ngapi? Umekitunza wapi? Maji unayapata wapi siku ya mgao? Nimeyaandika kwenye ripoti zangu zaidi ya mara moja, na kustaafu hakutanizuia kuyasema.

Kwa upande wako, usiliache jambo hili liishie kwenye kutapika. Nenda kwa afisa afya wa kata, wewe na wenzako wote watatu, mumpe tarehe, saa mliyokula, saa mliyoanza kuumwa, nani alikula nini na nani hakuumwa. Hayo maelezo uliyoniandikia mimi yana thamani kuliko kaguzi nyingi za kawaida, kwa sababu yanamwambia afisa sufuria ipi aifungue. Safari nyingine mkiumwa, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, mtoe sampuli kabla hamjameza antibaiotiki ya duka la dawa, na chakula kilichobaki kisimwagwe, kiwekwe kwenye baridi kikiwa kimefungwa. Kutapika kukizidi, maji ya chumvichumvi ya ORS kwanza. Mtoto au mama mjamzito asisubiri nyumbani.

Halafu rudi kwa yule mama. Usiende kumgombeza wala kumsema mbele ya wateja. Nenda saa 10 jioni anapoosha sufuria, mwamkie, kaa. Mwulize ana majiko mangapi, na ule wali wa Jumanne aliuinjika saa ngapi. Akikujibu, niandikie tena uniambie alichosema.